Herufi za Knuth katika Ghala la Debian

Mwezi Mei 2006 Thomas Esser, Mjerumani aliyekuwa akikusanya na kutoa teTeX, mkusanyo wa programu ya kupanga chapa iitwayo TeX, tangu katikati ya miaka ya 1990, alitangaza kuwa hatatoa toleo jingine. Waliozoea kazi yake aliwaelekeza kwenye mkusanyo mwingine, TeX Live. Nje ya watu wanaopanga chapa za hisabati, habari hiyo haikumshtua yeyote. Ndani ya Debian, Red Hat na SuSE ilikuwa habari nzito, kwa sababu distro hizo zote za Linux zilikuwa zikiwapa watumiaji wao TeX kupitia mkono wa mtu huyo mmoja. Tasnifu, miongozo ya programu na makala za fizikia zilizopangwa kwenye kompyuta za Linux miaka hiyo, kwa kawaida zilipitia kwake, hata kama waandishi wake hawakuwahi kulisikia jina la Esser.

Chanzo cha mzigo aliokuwa ameubeba ni prufu mbaya. Machi 1977 Donald Knuth, mwalimu wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliletewa prufu za toleo la pili la juzuu ya pili ya kitabu chake The Art of Computer Programming. Matoleo ya kwanza yalikuwa yamepangwa kwa herufi za risasi kwenye mitambo ya Monotype, na yalimpendeza. Hizi mpya zilikuwa zimepangwa kwa mtambo wa picha, na zilimkera kiasi cha kutotaka kitabu kitoke vile. Siku si nyingi kabla ya hapo alikuwa ameona kurasa zilizotengenezwa kwa mtambo wa kidijitali, ambao kila herufi kwake ni nukta zilizowashwa na zisizowashwa. Nukta ni sifuri na moja, na sifuri na moja ni kazi yake. Akaamua kuandika programu ya kupanga chapa mwenyewe, akaiita TeX. Alidhani angeimaliza katika likizo yake ya masomo; ikamla karibu miaka kumi, hadi juzuu tano za Computers & Typesetting zilipotoka mwaka 1986.

Alichotaka Knuth ni kitu kisichochakaa. Faili la TeX lililoandikwa leo litoe kurasa zilezile, mistari ikatike palepale, baada ya miaka hamsini na kwenye kompyuta yoyote. Mwaka 1990 alitangaza kwamba kazi imekwisha: hakuna kipya kitakachoongezwa, makosa tu ndiyo yatasahihishwa. Kila awamu ya masahihisho huongeza tarakimu moja kwenye namba ya toleo, ambayo inaisogelea pai, na siku atakapofariki namba itakuwa pai yenyewe na makosa yote yatakayokuwa yamesalia yatahesabiwa kuwa sehemu ya programu. Anayegundua kosa la kweli hutuzwa dola 327.68. Msimbo wenyewe kila mtu anaruhusiwa kuutumia na hata kuugeuza, ila kwa sharti: programu isiyofaulu jaribio aliloliandika yeye, liitwalo trip, haina ruhusa ya kuitwa TeX. Mafaili ya fonti zake za Computer Modern nayo hayaguswi. Ukigeuza, badilisha jina.

Kwa mwandishi hilo ni sharti la heshima. Kwa mfungashaji wa distro ni jiwe njiani, ila wakati huo hapakuwa na distro wala wafungashaji.

Wakati Knuth anafunga mlango, wengine walikuwa wanajenga nje ya ukuta. Leslie Lamport alikuwa ameshatengeneza LaTeX, mfumo wa amri uliojengwa juu ya TeX, na kitabu chake cha mwaka 1986 kiliwafungulia njia watu waliotaka kuandika sura na vifungu bila kuhangaika na nafasi za milimita. Kila chuo kikaongeza macro zake, yaani amri za kujitungia, fonti zake, kanuni zake za kukata maneno. Mwaka 1993 ghala la pamoja la mtandaoni, CTAN, lilitangazwa ili vitu hivyo vipatikane mahali pamoja. Vilipatikana kweli, lakini kama vitu vilivyomwagwa sokoni: kila mtu na mpangilio wake wa saraka, kila mtu na leseni yake, wengine bila leseni kabisa isipokuwa mstari mmoja wa kumtakia mtumiaji heri.

Injini yenyewe imeandikwa kwa Pascal iliyochanganywa na maelezo yake, kwa mtindo wa Knuth uitwao WEB, na kwenye Unix hutafsiriwa kwanza kuwa C. Hilo lilitatuliwa mapema. Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa wa kutafuta mafaili. Hati moja fupi huita darasa la hati, vipimo vya fonti, umbo la fonti, ramani ya fonti, kanuni za kukata maneno. Makumi ya mafaili yaliyotawanyika katika maelfu. Karl Berry alitengeneza maktaba ya kutafuta njia, kpathsea, inayosoma orodha moja iliyoandaliwa mapema, faili liitwalo ls-R, badala ya kuzunguka diski nzima kila mara. Mfungashaji yeyote wa TeX anaijua siku aliyoweka faili mahali sahihi kabisa, ruhusa sahihi, jina sahihi, na TeX ikasema halipo. Lipo, ila halimo kwenye ls-R. Hadi amri ya mktexlsr ipite, kwa TeX faili hilo halijazaliwa.

Esser alichukua vitu hivi vyote, akachagua vilivyofaa, akavipanga kwenye mti mmoja wa saraka, akaandika hati za kusanidi, akatoa. Uchaguzi ndio uliokuwa thamani ya teTeX. Mtu aliyesakinisha alipata mfumo wenye kiasi, uliojaribiwa na mtu mwenye jicho kali. Mwaka 1996 vyama vya watumiaji wa TeX vilipoamua kutoa mfumo mzima kwenye CD, mradi ulioongozwa na Sebastian Rahtz na kuitwa TeX Live, teTeX ndiyo iliyokuwa mahali pa kuanzia.

Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, ilikuwa na desturi zake, na desturi hizo hazikumjua Knuth. Kila kifurushi kinafuata sera iliyoandikwa. Mafaili ya usanidi yanakaa /etc, na mabadiliko ya msimamizi wa mashine hayafutwi wakati wa kusasisha. Vitu visivyobadilika vinakaa /usr, ambayo huenda imefungwa isiandikwe. Vinavyobadilika vinakwenda /var. TeX ilizaliwa kabla ya sheria hizi na ilizivunja zote kwa moyo mweupe. Ukiomba fonti kwa ukubwa ambao haujawahi kuombwa, Metafont, programu ya Knuth ya kuchora fonti, huichora papo hapo na kuhifadhi matokeo kwa ajili ya wakati ujao. Kuhifadhi wapi? Mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika kwenye saraka za mfumo. Ukimpa, umefungua mlango wa usalama. Usipompa, kila mtu atachora fonti ileile upya. Debian waliiweka /var/cache/fonts, na mjadala wa nani aandike pale uliendelea kwa muda.

Faili kuu la usanidi, texmf.cnf, nalo lilikuwa moja kwa wote. Vifurushi vitatu vikitaka kuongeza mstari mmoja kila kimoja, nani mwenye faili? Jibu la Debian lilikuwa kulikata vipande, kila kifurushi kilete kipande chake kwenye /etc/texmf/texmf.d, kisha amri iitwayo update-texmf ivishone kuwa faili zima. Frank Küster na wenzake waliokuwa wakitunza teTeX ndani ya Debian walilazimika kuandika sera maalumu ya TeX, waraka wa peke yake, kwa sababu sera ya kawaida haikuwa na la kusema juu ya ramani za fonti.

Pahali palipouma zaidi ni kwenye fomati. TeX haisomi macro zote za LaTeX kila inapoanza. Ingechukua muda mno kwa kompyuta za zamani. Badala yake macro husomwa mara moja, na hali ya kumbukumbu inatupwa kwenye faili la .fmt, kama unga uliokwisha kukandwa ukasubiri kusukumwa. Faili hilo hutegemea toleo halisi la injini, hivyo kwenye Debian hujengwa kwenye mashine ya mtumiaji, dakika ileile ya kusakinisha. Waliosakinisha TeX kwenye Debian miaka hiyo wanaukumbuka mstari unaosema fomati zinajengwa, subiri kidogo, kisha kimya, diski inaunguruma. Ikishindikana, ujumbe unasema matokeo yamehifadhiwa kwenye faili la /tmp lenye jina fmtutil na herufi za bahati nasibu mwishoni, tafadhali liambatishe ukiripoti kosa. Kifurushi kikabaki nusu, hakijasakinishwa wala hakijaondoka, na apt, meneja wa vifurushi wa Debian, inakataa kuendelea na kingine chochote. Mara nyingi kosa halikuwa hata la TeX: msimamizi aligeuza faili la usanidi miaka miwili nyuma, au kanuni za kukata maneno za lugha fulani zimeondolewa huku jina lao likibaki kwenye orodha. Na kwa kuwa vifurushi vingine vingi vya Debian hutumia TeX kutengeneza miongozo yao, siku TeX inapoharibika, programu zisizohusiana na uchapaji kabisa nazo zinashindwa kujengwa.

Hayo ni ya ufundi, na ya ufundi hatimaye huisha. Ugomvi wa leseni ulikuwa wa namna nyingine.

Mwaka 1997 Debian ilipitisha Mkataba wake wa Kijamii pamoja na miongozo ya programu huru: kinachoingia kwenye ghala kuu lazima kiweze kusomwa, kugeuzwa na kusambazwa kikiwa kimegeuzwa. Miongozo inaruhusu mwandishi kudai kwamba kazi iliyogeuzwa ipewe jina lingine au namba nyingine ya toleo. Kipengele hicho kilitosha kwa Knuth. Ila LaTeX, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya kikundi kinachoongozwa na Frank Mittelbach, ilikuwa na leseni yake, LPPL, na toleo lake la mwaka 1999 lilidai kila faili lililogeuzwa libadilishwe jina lake.

Mtu wa nje atauliza, si ndiyo yaleyale? Si yaleyale. Kwenye LaTeX jina la faili ndiyo amri yenyewe. Hati inapoomba darasa la article, mfumo unatafuta article.cls, hakuna njia nyingine. Ukisahihisha kosa ndani yake na ukalazimika kuliita article-yangu.cls, hati zote duniani zitaendelea kuita lile la zamani, na sahihisho lako halitamfikia mtu. Uhuru wa kugeuza upo kwenye karatasi, kwenye mashine haupo. Watu wa Debian waliligundua hilo na wakalikazia, mwaka 2002 na 2003, kwa ujumbe juu ya ujumbe.

Upande wa LaTeX nao haukuwa na kiburi tu. Mittelbach na wenzake waliiona enzi ambayo kila chuo kilikuwa na LaTeX yake iliyoguswaguswa, na makala iliyopangwa vizuri Mainz ikafika kwa mhariri wa jarida ikiwa imevurugika. Mwanasayansi anamtumia mwenzake faili na si kurasa. Kama article ya huku si article ya kule, faida yote ya TeX imekwenda na maji. Walikuwa wanamlinda msomaji wa mwisho, ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo.

Kilichowatoa pale ni swali dogo: mnaogopa nini hasa, mabadiliko au mabadiliko ya kificho? Toleo la 1.3 la LPPL, lililotoka Desemba 2003 na kunyooshwa katika mwaka uliofuata, liliondoa sharti la jina la faili. Badala yake, faili lililogeuzwa linaweza kushika nafasi ya lile la asili, mradi pale linapojitambulisha kwa mtumiaji likiwa linafanya kazi, liseme waziwazi kwamba limegeuzwa. Debian wakakubali. Kwa maoni yangu hiyo ni moja ya suluhu bora zilizowahi kutoka kwenye mabishano ya leseni, maana kila upande uliondoka na kile ulichokihitaji kweli, na kanuni yenyewe inatekelezeka na mashine.

Esser alipoondoka miaka michache baadaye, njia ilikuwa imeshasafishwa kiasi. Norbert Preining, Mwaustria mtaalamu wa mantiki ya hisabati, alikuwa ameshaanza kuifungasha TeX Live kwa ajili ya Debian. Toleo la Debian liitwalo etch, la Aprili 2007, lilitoka na mifumo yote miwili pamoja, teTeX ya Esser kwa wanaoaga na TeX Live 2005 kwa wanaohamia. Lililofuata, lenny, Februari 2009, lilikuwa na TeX Live peke yake.

Namba za toleo za vifurushi hivyo zinasimulia sehemu nyingine ya kazi. Ziliandikwa 2005.dfsg na 2007.dfsg, na herufi nne za mwisho zina maana kwamba kuna vitu vimetolewa ili kutimiza miongozo ya programu huru. TeX Live ilikuwa imekusanya kila kizuri. Sasa mtu alipaswa kukaa na kupitia faili baada ya faili. Fonti hii inaruhusiwa kutumiwa lakini si kuuzwa. Mwongozo huu ni PDF tupu, chanzo chake hakionekani. Macro hii mwandishi wake hakuandika leseni, na anwani yake ya barua pepe ni ya chuo alichokiacha zamani. Ni kazi ya karani wa ardhi zaidi kuliko ya mtaalamu wa kompyuta. Matokeo yake hayakubaki Debian. Wenye TeX Live walipokea orodha hizo, wakaondoa vitu kwao wenyewe au wakawabembeleza waandishi wabadilishe leseni, hivyo anayesakinisha leo kwenye mashine yoyote anafaidi ukaguzi huo.

Ukubwa ulikuwa tatizo la wazi. Mwaka 2003 TeX Live ilishindwa kuingia kwenye CD moja na ikabidi igawanywe; leo mfumo mzima ni gigabaiti kadhaa. Fedora, kuanzia mwaka 2013, waliamua kila kitu kidogo cha CTAN kiwe kifurushi chake, na vikawa maelfu. Debian walikataa njia hiyo. Walifuata makundi yaliyokuwemo ndani ya TeX Live: msingi wa LaTeX, nyongeza zinazopendekezwa, fonti, sayansi, lugha za sehemu mbalimbali za dunia, na miongozo ikawekwa vifurushi vya peke yake. Anayetaka vyote anaomba texlive-full. Kutenganisha miongozo kunaonekana jambo dogo kwa aliye Vienna, lakini si kwetu. Ubuntu imejengwa juu ya Debian na huchukua vifurushi hivyohivyo, na Ubuntu ndiyo Linux iliyoenea kwenye vyuo vyetu tangu enzi za CD zilizotumwa bure kwa posta. Mwanafunzi wa hisabati wa Dar es Salaam au Makerere anayesakinisha LaTeX kwa bando la simu anapakua kulingana na mipaka iliyochorwa na watu wa Debian, na kila megabaiti ya mwongozo asiouhitaji ni pesa yake.

TeX Live ya 2008 ilileta meneja wake wa vifurushi, tlmgr, anayesasisha kila kitu moja kwa moja kutoka CTAN. Watu wa TeX Live walimsubiri kwa hamu. Kwa Debian ulikuwa mgongano wa moja kwa moja: mashine moja haiwezi kuwa na mameneja wawili, kila mmoja akiamini saraka ni yake. Kwa mfumo mzima tlmgr akazimwa. Baadaye akaruhusiwa kufanya kazi ndani ya saraka ya nyumbani ya mtumiaji, asiguse pengine. Bado watu huuliza kwa nini amri iliyo kwenye kila mwongozo haifanyi kazi kwao, na bado hujibiwa kwa subira isiyolingana.

Mgongano huo ungeweza kuzaa uhasama kama Preining asingekuwa pande zote mbili. Aliyefungasha Debian ndiye pia aliyeandika sehemu za miundombinu ya TeX Live. Programu ya updmap iliyoandikwa upya mwaka 2012, inayosoma ramani za fonti kutoka miti kadhaa badala ya faili moja, na fmtutil iliyofuata mkondo huo mwaka 2015, zilimaliza aina nzima ya matatizo ambayo Debian walikuwa wameyashona kwa vipande vya /etc. Preining alijitoa Debian mwanzoni mwa 2022; mkondo huo haukukauka.

Katikati ya hayo likaja dai ambalo Knuth mwenyewe hakulifikiria. Kuanzia 2013 Debian ilianza kutaka kila kifurushi kikijengwa mara mbili kitoe mafaili yanayolingana hadi biti ya mwisho, ili mtu yeyote aweze kuthibitisha kwamba kilichoko ghalani kimetokana na msimbo unaoonekana. Knuth aliahidi mistari ikatike palepale milele, na inakatika palepale. Lakini pdfTeX huandika ndani ya kila PDF saa na sekunde ya kuzaliwa kwake, kwa hiyo miongozo yote iliyotengenezwa kwa TeX ilishindwa mtihani. TeX Live ya 2016 ikakubali kusoma saa kutoka kwenye kigeu cha mazingira, SOURCE_DATE_EPOCH. Tarehe ambayo hati yenyewe inaiuliza, mwaka na siku kama Knuth alivyozifafanua, haikuguswa. Anayetaka nayo ifuate lazima aombe kwa kigeu cha pili, waziwazi.

Januari 2021 Knuth alitoa masahihisho yake ya mara moja kwa miaka kadhaa; yajayo ameyapangia mwaka 2029. Tarakimu ikaongezeka, 3.141592653. TeX Live ya mwaka huo iliyachukua baada ya miezi michache. Debian bullseye ilitoka Agosti 2021, ila vifurushi vyake vilikuwa vimeshafungwa na TeX Live 2020, kwa hiyo tarakimu mpya iliwafikia watumiaji wa toleo thabiti Juni 2023, kupitia toleo lililofuata, bookworm. Kwenye mashine hizo TeX ikianza kazi huandika kwenye skrini jina lake, kisha 3.141592653, kisha kwenye mabano TeX Live 2022/Debian.